Dona iliyoonekana kuleta vidonda: namna ya kujenga modeli ya chakula na madhara ya kisukari

Jedwali langu la kwanza la utafiti lilisema hivi: wagonjwa wa kisukari wanaokula ugali wa dona wanapata vidonda vya miguu zaidi kuliko wanaokula sembe. Nilikaa nalo siku mbili bila kumwonyesha mtu. Mimi ni afisa lishe. Nimetumia miaka yangu ya kazi kuwaambia watu wapunguze sembe, halafu kompyuta inaniambia kwamba ushauri wangu unawakata watu miguu. Siku ya tatu nikashuka stoo ya mafaili, nikavuta ya wala dona wenye vidonda, moja baada ya jingine. Pembeni mwa karatasi, chini ya maneno kama "kidonda, kisigino cha kushoto", mara nyingi kulikuwa na mstari mwingine wa kalamu: "ameshauriwa dona, apunguze wali." Mwandiko ulikuwa wangu.

Dona haikuwaletea vidonda. Vidonda ndivyo vilivyowaletea dona. Kompyuta isingeweza kulijua hilo, maana nilikuwa nimeipa safu mbili tu, chakula na kidonda, bila tarehe. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi anayekuja kliniki yetu hapa Tanga na laptopu yake, akitaka kuandika juu ya "lishe na madhara ya kisukari", huwa namkalisha kwanza na kumpitisha njia ninayoieleza hapa. Takwimu nimejifunza ukubwani, jioni, watoto wakishalala, kwa hiyo usitegemee fomula nyingi kutoka kwangu.

Swali kwanza, na siku sifuri

"Chakula kinaathirije madhara ya kisukari?" si swali la kujengea modeli. Libane mpaka liseme ni nani, anakula nini badala ya nini, madhara gani, ndani ya muda gani. Langu liliishia hivi: watu wazima wenye kisukari aina ya 2, ambao hawana kidonda siku tunayowapima chakula, je, wanaokula nyuzinyuzi nyingi, kama zile za dona, kwa kiasi kile kile cha nishati hupata kidonda cha kwanza polepole kuliko wenzao katika miaka 3 inayofuata?

Ile siku ya kupima chakula iite siku sifuri, na kila mgonjwa awe na yake. Chora mstari kwenye karatasi, weka sifuri katikati. Kushoto yanakaa yaliyotangulia: umri, miaka aliyokaa na kisukari, uvutaji sigara, dawa, presha. Kulia yanakaa yatakayotokea. Mwenye kidonda siku sifuri hahusiki na swali hili, hata kama data zake zimekamilika kuliko za wote. Wanafunzi wanaumia sana kumwacha mtu kama huyo. Mwache.

Madhara nayo yaelezwe kabla hujafungua faili. Kwa figo, protini kwenye mkojo inahesabika pale uwiano wa albumini na kreatinini unapofika miligramu 30 kwa gramu, na kipimo kirudiwe, kwa sababu homa au mazoezi mazito yanaweza kuupandisha kwa muda tu. Kwa mishipa ya fahamu ya miguu, tunatumia ule uzi wa nailoni wa gramu 10: gusa unyayo, mgonjwa akiwa amefumba macho, aseme anahisi au hahisi. Macho yanataka picha ya retina au daktari wa macho. Kidonda cha mguu ndicho rahisi kukiona, lakini tarehe yake ndiyo ngumu kuipata. Aliyepoteza hisia miguuni haoni maumivu, na wengi huja harufu ikiwa imewaleta. Uliza kilianza lini, usiandike tu siku aliyokuja.

Vibali vya utafiti wa afya nchini vinapitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huna kisingizio cha kutembea na majina ya wagonjwa kwenye flashi. Wape namba. Daftari la kuunganisha namba na majina lifungiwe kabatini.

Kumuuliza mtu alikula nini

Hapa ndipo kazi nyingi inapoharibikia, na hakuna modeli itakayoiokoa baadaye. Nakumbuka mzee mmoja, mvuvi mstaafu. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, nikauliza, "Jana ulikula nini?" Akajibu haraka, "Nilikula kama mlivyotufundisha." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Hakuwa mwongo. Alinipa jibu la heshima, kama unavyomjibu mwalimu aliyekusomeshea mtoto.

Siku hizi siulizi hivyo. Naanza na kuamka: "Mzee, jana uliamka saa ngapi? Kitu cha kwanza kuingia mdomoni kilikuwa nini?" Tunatembea naye siku nzima, msikitini, kijiweni, nyumbani. Kijiweni ndiko chai ya sukari inakotokea, na kaimati, na kipande cha muhogo alichopewa na jirani ambacho yeye hakihesabu kuwa chakula. Na kama unaweza, anayeuliza asiwe yule yule anayetoa ushauri. Mimi nikiuliza, wali unapungua. Akiuliza kijana wa kujitolea asiye na koti jeupe, wali unarudi.

Siku moja haimwelezi mtu. Rudia angalau mara mbili, siku tofauti za wiki, mojawapo iwe ya mapumziko. Hapa kwetu tuna jambo jingine: Ramadhani. Futari ya mihogo ya nazi, tambi na uji si chakula cha miezi mingine, na Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo haitakaa kwenye mwezi mmoja wa karatasi zako. Weka safu ya "Ramadhani: ndiyo au hapana". Msimu wa machungwa ya Muheza na wa maembe nao uwe na safu yake.

Halafu kuna sinia. Watu wanne wanakula pamoja, wewe unataka gramu za mmoja. Nimejaribu njia nyingi. Iliyonifaa ni kwenda nyumba chache, kupima ugali mzima kwa mizani kabla haujaliwa, kuhesabu matonge ya kila mtu, na kupima matonge machache ili kupata wastani wa tonge la mwanamume, la mwanamke na la mtoto. Sehemu nyingine tumia vipimo vya nyumbani: upawa, kikombe cha chai, bakuli la plastiki. Vinunue sokoni vile vile wanavyotumia wao, usiwaonyeshe picha za sahani za Ulaya.

Kubadili chakula kuwa virutubisho, Tanzania ina jedwali lake la virutubisho vya vyakula, lililotolewa mwaka 2008, lenye vyakula vyetu vilivyopikwa kwetu. Kenya walitoa lao jipya 2018. Programu za simu zinazokutajia kalori za "ugali" bila kusema wa dona au wa sembe, ziache.

Mbebaji mizigo wa bandarini anakula kila kitu kwa wingi: nyuzinyuzi, mafuta, chumvi. Ukilinganisha gramu za nyuzinyuzi zake na za karani, unachopima kwa kweli ni ukubwa wa kazi. Kwa hiyo gawa: gramu kwa kila kilokalori 1,000. Au tumia njia ya mabaki waliyoieleza Walter Willett na Meir Stampfer mwaka 1986. Unatabiri nyuzinyuzi kutokana na nishati, kisha unachukua kile kilichobaki, yaani alichokula zaidi au pungufu ya kilichotarajiwa kwa mlaji wa kiasi chake. Ukishaishikilia nishati palepale, kuongeza kitu kimoja ni kupunguza kingine. Dona badala ya sembe ni swali moja. Dona badala ya maharage ni jingine kabisa, na jibu lake huenda likageuka.

Safu zinazodanganya

Kabla ya modeli yoyote, chora kila safu na uitazame. Safu ya sukari yetu ilikuwa na 7.2 na 130 zikikaa pamoja. Mashine moja ilisoma mmol/L, nyingine mg/dL. Unazidisha ya kwanza kwa 18 kupata ya pili. Hilo ni rahisi. Gumu lilikuwa visanduku vitupu. Kijana aliyeingiza data alikuta neno HI kwenye kadi, akaona si namba, akaacha wazi. Mashine nyingi huandika HI sukari inapopita 33.3 mmol/L. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumewafuta wagonjwa wenye hali mbaya kuliko wote, kwa unadhifu kabisa.

HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, ina mtego wake. Inategemea chembe nyekundu za damu ziishi umri wake wa kawaida. Mwenye upungufu wa damu, au mwenye kubeba kinasaba cha selimundu, anaweza kusomeka chini au juu ya ukweli kutegemea hali yake na mashine iliyotumika, na huku pwani selimundu si jambo geni. Andika hemoglobini karibu nayo, na kama hali ya selimundu inajulikana, iandike.

Kipimo hicho pia ni cha fedha. Wenye bima na wenye watoto wanaotuma pesa wana HbA1c kwenye faili. Mama muuza vitumbua hana. Ukiwatupa wasio na kipimo, unabaki na utafiti wa wenye nafuu. Ukiwajazia wastani, unajifanya unajua usichokijua. Njia ninayotumia ni kujaza mara nyingi, ambayo asili yake ni Donald Rubin: kompyuta inatengeneza nakala, tuseme 20, kila moja ikijaza mapengo kwa makisio yenye kutofautiana kutokana na yale tunayoyajua, kisha modeli inaendeshwa kwenye kila nakala na majibu yanaunganishwa. Kwenye R, programu ya takwimu ninayotumia, kifurushi kinaitwa mice. Usisahau kuweka kidonda chenyewe na sukari ya asubuhi kabla ya kula kati ya vitu vinavyotumika kukisia.

Mishale kabla ya modeli

Chukua karatasi, chora mishale. Umri unagusa chakula na unagusa kidonda: huo ni kivuruga, utawekwa kwenye modeli. Kipato vivyo hivyo, na miaka ya kuishi na kisukari, na sigara. Kila kivuruga lazima kiwe kimekaa kushoto ya siku sifuri.

Sasa HbA1c. Karibu kila mwanafunzi anaiweka, na karibu kila mmoja hajui kwa nini. Majaribio mawili makubwa, DCCT ya Marekani na Kanada iliyotoa matokeo 1993 kwa kisukari aina ya 1, na UKPDS ya Uingereza ya 1998 kwa aina ya 2, yalionyesha kwamba kuishusha sukari kunapunguza madhara ya mishipa midogo. Katika UKPDS, kila asilimia 1 ya HbA1c iliyo chini ilienda pamoja na upungufu wa asilimia 37 wa madhara hayo. Kwa hiyo kama chakula kinaokoa miguu, sehemu kubwa ya njia yake huenda inapita kwenye sukari hiyo hiyo. HbA1c iliyopimwa baada ya siku sifuri ni daraja. Ukiiweka kwenye modeli umevunja daraja, kisha unashangaa chakula hakivuki. Lakini HbA1c iliyopimwa miezi sita kabla ya siku sifuri ndiyo iliyomfanya nesi amwambie mgonjwa abadili chakula. Hiyo ni kivuruga, na inafaa kuwekwa. Jina la safu ni lile lile. Tarehe ndiyo inayokwambia ufanye nini nayo.

Ushauri wa chakula nao upe safu. Aliwahi kushauriwa kabla ya siku sifuri? Lini? Kwa sababu gani? Ningekuwa nayo mwanzoni, zile siku mbili za kukaa na jedwali zisingekuwepo.

Modeli yenyewe

Kama ulipima chakula na madhara siku moja tu, utaishia kwenye rigresheni ya lojistiki, yaani modeli ya jibu la ndiyo au hapana, na itabidi ukiri kwamba huwezi kusema kipi kilitangulia. Angalia pia usisome uwiano wa odi (odi ni walio nayo gawanya kwa wasio nayo) kama uwiano wa hatari. Tuseme wagonjwa 40 kati ya 100 wa kundi moja wana uharibifu wa mishipa ya fahamu, na 20 kati ya 100 wa kundi la pili. Hatari ni mara 2. Uwiano wa odi ni 40/60 gawanya kwa 20/80, yaani karibu 2.7. Gazeti litaandika "karibu mara tatu" na lawama itakurudia wewe.

Ukiwa na ufuatiliaji, tumia modeli ya David Cox ya 1972. Haiulizi tu nani alipata kidonda, inauliza baada ya muda gani, na inampa nafasi mtu aliyefuatiliwa miezi 14 kisha akahamia Dar: anahesabika kwa miezi yake 14. Kwenye R mstari wangu unafanana na huu:

coxph(Surv(miezi, kidonda) ~ nyuzi1000 + nishati + umri + jinsia + miaka_kisukari + sigara + hba1c_kabla + cluster(kaya), data = kliniki)

Lile neno cluster(kaya) lina hadithi yake. Mume na mke wenye kisukari wanaokula chungu kimoja si mashahidi wawili walio huru. Utafiti wa Hispania wa PREDIMED, uliowahusisha watu 7,447 na kuchapishwa 2013, ulilazimika kuondolewa na kuchapishwa upya 2018. Moja ya sababu ilikuwa kwamba watu wa nyumba moja walikuwa wamewekwa kwenye kundi moja la chakula bila kugawanywa kwa bahati nasibu mmoja mmoja, na kituo kimoja kiligawa kwa kliniki nzima. Kama wao waliteleza, wewe na sinia lako weka safu ya kaya.

Hesabu vidonda kabla ya kuhesabu vigeu, yaani vile vitu unavyoviweka kwenye modeli. Kwa kanuni ya zamani ya matukio 10 kwa kila kigeu, vidonda 30 vinakuruhusu vigeu 3 hivi, haijalishi una wagonjwa 400 au 4,000. Kanuni hiyo ina wapinzani wake, lakini inazuia ule uroho wa kuweka safu 15. Mstari wangu hapo juu una saba, kwa hiyo ulihitaji kusubiri vidonda vya kutosha. Na usikate nyuzinyuzi kuwa "nyingi" na "kidogo". Ziache ziwe namba, na kama unahisi uhusiano si mstari ulionyooka, tumia mkunjo (spline), yaani mstari unaoruhusiwa kupinda. Ukizikata katikati, anayekula gramu 14.9 na anayekula 15.1 wanakuwa watu wa mbingu na ardhi.

Kwa macho, tarehe ya kweli iko mahali fulani kati ya ziara mbili za daktari. Kuna modeli za kipindi kwa hali hiyo, zinazopokea tarehe mbili badala ya moja. Zitumie badala ya kujifanya retina iliharibika siku ya miadi. Kifo nacho kinazuia kidonda kisitokee. Endesha Cox ukimhesabu marehemu mpaka siku yake ya mwisho, kisha endesha pia modeli ya Fine na Gray ya 1999, inayohesabu kifo kama tukio linaloshindana na kidonda, na uziweke pamoja. Aliyepotea bila taarifa mpigie simu, au umtume mtu. Wapo waliopotea kwenye daftari letu tuliokuja kujua kwamba mguu ulikatwa kwingine.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote: ondoa vidonda vyote vya mwaka wa kwanza baada ya siku sifuri, uendeshe tena. Kama uhusiano ulitokana na watu ambao miguu ilikuwa imeshaanza kuharibika na wakabadili chakula kwa hofu, utapungua au kutoweka. Kama umebaki palepale, una cha kuzungumza.

Kuandika ulichokipata

Tuseme uwiano wa hatari wa modeli ya Cox umetoka 0.82 (chini ya 1 ni punguzo, juu yake ni ongezeko), na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.61 hadi 1.10. Andika namba zote tatu. Usiandike kwamba "nyuzinyuzi hazina athari", maana data zako zinakubaliana na punguzo kubwa na pia na ongezeko dogo. Ongeza hesabu ya watu: kati ya wagonjwa 100 kwa miaka 3, vidonda vingapi pungufu. Na usitafsiri kila mstari wa jedwali. Vivuruga vimewekwa kusaidia swali moja. Namba iliyo mbele ya "sigara" haikujengwa kujibu swali la sigara. Matarajio nayo uyaweke chini. Jaribio la Look AHEAD la Marekani, lenye watu 5,145, lilisimamishwa 2012: watu walipungua uzito kwa lishe na mazoezi, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kama walivyotarajia.

Nilipoupanga upya utafiti wangu kwa siku sifuri, dona iliacha kuleta vidonda. Haikuonekana kuvizuia pia. Masafa yalikaa pande zote mbili za 1, na ndivyo nilivyoandika. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi mihuri mjini, nikamtengenezesha muhuri wa mpira wenye mistari miwili: "Ushauri wa lishe" na "Tarehe". Manesi wanaugonga kwenye kila kadi. Mstari wa kwanza wanaujaza vizuri. Wa pili bado nafuatilia.